Magoli Yangu ya Matawi

Bado naona haya nikikumbuka Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nafundisha watoto kushambulia, watatu kwa wawili, kwenye kiwanja kidogo kando ya barabara hapa Kalemie. Magoli hatuna, kwa hiyo nilikata matawi ya michikichi nikayapanda, mawili yakiwa mbele kabisa ya lango la Papa Kisimba, mzee anayesumbuliwa na moyo. Nikajiona fundi.

“Piga, usiogope,” nilimwambia Feza, mshambuliaji wangu. Akapiga. Mpira ukaruka ukuta wa Papa Kisimba, kitu kikaanguka kwa kishindo. Hakuna aliyeurudisha.

Nilikuwa bado nasita kubisha hodi, pikipiki ya taximoto ikasimama, dereva akavua kofia. Akafika mama mmoja na mkeka kichwani, akatazama lango, akaanza kulia. Nyuma yake wakaja wengine, nao wanalia. Tumemuua mzee, na mimi ndiye niliyesema apige.

Niliingia nao, nikapiga magoti uani. “Munisamehe. Mupira wangu njo umemuua Papa.”

Mlango ukafunguka. Papa Kisimba akatoka na mpira kwapani, macho yamejaa usingizi.

“Nani amekufa kwangu?”

Mama wa mkeka akarudi nyuma. “Papa, tumeona matawi ya michikichi pa lango yako, tukajua kuko kilio.”

“Hapana, Mama,” Feza akajibu kwa heshima. “Ile ni goli yetu. Kocha njo aliipanda.”

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti.