Asilimia Kumi na Nane

Betri haifi kwa uzee, inauawa na ujinga wa mwenyewe. Hayo nilikuwa nikiyasema kila siku katika kibanda changu cha kutengeneza simu na laptopu mjini Busia, na watu walikuja kunisikiliza nikifoka. Mtu akikiri kwamba anatumia laptopu juu ya godoro, nilimpa vidonge vyake kwanza ndipo nishike bisibisi.

Siku baba yangu alipokuja kutoka Malaba na simu iliyovimba mgongo, sikumhurumia. Aliishi peke yake karibu na mto wa mpakani, na kule simu haitulii: mara inashika mtandao wa Uganda, mara inarudi wa Kenya, na kule kuhangaika kunakula chaji. Nilijua hilo vizuri. Lakini kibanda kilijaa wateja na mdomo ukaniwasha. Nikaichomoa betri, nikaiinua juu waione.

"Angalieni kazi ya mzee! Anaiacha izime yenyewe kila siku, halafu anashangaa."

Wakacheka. Baba naye alicheka, huku akipangusa mikono kwenye suruali.

Nikamwekea betri mpya, nikaifungia simu kwenye mtandao wa Kenya pekee, nikapunguza mwanga wa kioo. Kisha nikamsomea sheria mbele yao wote. Ikifika themanini, chomoa. Isikae juani. Ikishuka chini ya ishirini, usipige wala usipokee, ichaji kwanza.

"Ukiniletea nyingine imevimba, sitengenezi."

"Sawa, boss," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo, na mimi nilifurahi kuitwa.

Alhamisi moja asubuhi aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika. Alilala kwenye ile sakafu ya saruji mpaka saa kumi jioni, kina mama wa jumuiya walipofika kwake kwa sala za wiki. Nilipofika hospitali, simu ilikuwa bado mkononi mwake. Sikumpa hata pole.

"Simu ulikuwa nayo! Si ungenipigia?"

"Ilikuwa kumi na nane," akasema polepole. "Si wewe ulisema chini ya ishirini nisiguse? Nikaona ningoje tu watu wa jumuiya."

Nikaichukua nikaitazama. Ilikuwa kumi na nne. Kumi na nane zingetosha kunipigia mimi, na ukoo mzima, na bado zikabaki. Nilijichukia pale pale, na sijaacha.

Alikaa wodini siku tisa, kisha akafariki. Katika siku zote hizo hakunilaumu hata mara moja, na ningempa chochote anilaumu. Kila alipopata wageni, aliitoa simu chini ya mto, akaiinua juu waione.

"Angalieni, haijavimba," aliwaambia. "Huyu kijana wangu ndiye alinifundisha."