Humaidi na Sauti ya Mama Nihal

Humaidi bin Hamoudi bin Yaser. Huyo Yaser, babu yetu, alipita Tabora na msafara wa vitambaa akielekea Ujiji, akarudi, akaoa Mnyamwezi, hakuondoka tena. Hamoudi, baba yetu, alinunua asali na nta kule Kaliua akazipakia garimoshi. Na Humaidi, kaka yangu, aliwapa watu wa Ipuli, mtaa wetu hapa Tabora, muziki. Ndiye aliyekuwa na amplifaya na spika mbili kubwa kama makabati, na hakuna harusi iliyozikosa, iwe ya Mwislamu au ya Mkristo. Nasema ninayoyajua, nyaya zake nimezibeba mimi.

Presha ya macho ilimchukulia nuru yote. Hakulalamika, maana vitufe vya amplifaya alivijua kwa vidole. Kilichomuuma ni kanda moja. Mkewe alirekodiwa humo akiimba kwenye harusi ya binti yao Nihal. Sasa mke yuko makaburini, na mashine ya kanda imekufa, hakuna wa kuitengeneza. Miaka ikapita hajaisikia sauti ile.

Mjukuu wake Taghreed, binti wa Nihal, aliichukua kanda akaenda nayo Dar, wakaihamishia kwenye simu. Mwaka jana mwezi wa Shaabani akaja na simu hiyo, akaiunganisha na amplifaya ile ile ya zamani.

"Babu, kioo hiki hakipapasiki, lakini kinasikia. Sema 'Sikia,' halafu agiza unachotaka."

Kaka akakaa sawa, akaiweka vizuri kofia yake. "Sikia. Assalamu alaykum. Habari za hapo? Nyumbani hawajambo?"

Simu kimya.

"Babu, haitaki salamu!" Taghreed akacheka.

"Imelelewa na nani hii?" Akajaribu tena. "Sikia. Niwekee Mama Nihal."

Sauti ya kike ikajibu ndani ya spika: "Samahani, sijampata Mama Nihal."

Uso wa kaka ukasawijika, kama aliyeambiwa msiba upya.

"Nimemwandika Fakhria, babu. Sema, 'Niwekee Fakhria.'"

Mtoto amekulia Dar, hakujua. Kaka ni mtu wa zamani, na kwa watu wa zamani mume hamwiti mkewe jina mbele ya watu. Ni kumvunjia heshima. Tangu Nihal azaliwe, Fakhria alikuwa Mama Nihal. Kabla ya hapo kaka alikuwa akikohoa tu mlangoni, naye anajua anaitwa.

"Nitamwita mimi," nikasema.

"Mke wangu umwite wewe?"

"Basi nabadilisha, babu. Naandika Mama Nihal, sasa hivi tu."

Kaka akapapasa mkono wa kiti, akawaza. "Acha. Hilo ndilo jina alilopewa na mama yake. Na mimi sikuwahi kumwita nalo hata siku moja. Tokeni nje, wote wawili."

Tukasimama barazani, masikio kwenye pazia. Akakohoa kwanza, kama enzi zile. Kisha polepole, kama mtu anayetafuta ngazi kwa mguu: "Sikia. Niwekee... Fakhria."

Spika zikakwaruza. Yakaja matari, vigelegele, kisha yeye mwenyewe, sauti nyembamba inayopanda bila kuvunjika. Katikati ya wimbo akaukatisha: "Baba Nihal! Punguza hiyo spika, unatuua masikio!" Wanawake wakaangua kicheko, na mle ndani nikakisikia na changu, bado cha ujana.

"Sikia," kaka akasema, sauti imelowa. "Punguza. Mwenyewe amesema punguza."

Ikapungua.

Wimbo ulipokwisha akatuita. "Taghreed, unarudi lini Dar?"

"Jumamosi, babu."

"Kabla ya Jumamosi nenda kwa wenzake wa kuimba, kwa Mama Sadiki. Nenda pia Kipalapala kwa Mama Gerson. Waimbe, waseme, wagombane wakitaka, uwatie humu wote. Na kila mmoja mwandike jina lake mwenyewe, si la mtoto wake." Akanyoosha kidole, na pamoja na upofu wake hakunikosa. "Anza na bibi yako huyu, kabla hajaanza kunicheka."