Waliingia Wawili, Akatoka Mmoja

Kazini walimwita Pasi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amesimama mbele ya meza ileile katika chumba cha kufulia cha hospitali, akinyoosha mashuka kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, mvuke ukimpanda usoni na saruji ikimchosha nyayo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache, ila akicheka alicheka mwili mzima, hadi ilibidi aweke pasi chini asije akaunguza shuka la watu.

Mbio alizianza ukubwani, tena kwa bahati tu. Akiwa na miaka ishirini na minane alichelewa kuamka siku moja, akavua kandambili, akazishika mkononi na kutimua mbio kilomita sita hadi kazini. Alifika kabla ya msimamizi. Kesho yake aliamka mapema, na bado akakimbia. Dada yake mkubwa, aliyeishi naye katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, alimtazama akifunga kamba za viatu, akatikisa kichwa.

"Mtu hakimbii miibani bure, mdogo wangu. Ama anafukuza, ama anafukuzwa. Wewe ni yupi?"

"Mimi nawahi kazi."

"Leo Jumapili."

Miaka minane baadaye Pasi alikuwa na kocha, na alikuwa amemaliza marathoni tano. Kocha huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, mtu mfupi mwenye goti la kulia lisilokunjika, aliyewafundisha wakimbiaji kumi na wawili katika uwanja wa shule bila kupaza sauti. Masharti yake waliyajua kama watoto wanavyojua nambari. Wiki hii usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ulichokimbia wiki iliyopita. Raba ikishapita kilomita mia nane, iage. Maumivu yanayohama si kitu, maumivu yanayokaa mahali pamoja ni barua, ifungue. Na siku ya kupumzika ni siku ya mazoezi, anayeikimbia anajiibia mwenyewe.

Mwaka huo Pasi alijiibia. Marathoni kubwa ilikuwa imebakiza wiki tisa, na wanawake watano wa kwanza wangechukuliwa kwenda kukimbia nje ya nchi. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Alijua kwamba nafasi kama hiyo haitapita tena mlangoni pake. Akaanza kumwandikia kocha kilomita themanini kwa wiki, wakati miguu yake ilikuwa imekwenda mia na kumi. Raba zake zilikuwa zimepita kilomita elfu moja na mia moja. Soli ya kushoto iliponyanyuka mbele, karibu na kidole gumba, aliikata kwa kisu cha jikoni, ikabaki na pengo la pembe tatu, naye akaendelea.

Njia ya kocha ilikuwa ya uwanjani. Njia ya kilomita za siri ilikuwa nyingine. Alitoka saa kumi na moja alfajiri, akafuata reli ya zamani, akapita lango la bwawa la maji ya mji, akazunguka bwawa mara mbili kwa barabara ya udongo iliyofungwa na misonobari pande zote, kisha akatoka kwa lango lilelile. Saa hiyo ukungu ulikuwa umelalia maji, na mtu hakuona zaidi ya hatua ishirini.

Ni huko alikosikia miguu.

Mara ya kwanza alidhani ni mwangwi. Kulikuwa na mtu anayekimbia nyuma yake, mbali kidogo, kwa mwendo uleule wake. Lakini mwangwi hurudisha ulichoupa, na hii haikuwa sauti yake. Hatua zake mwenyewe zilikuwa sawa, tap, tap, tap. Za nyuma zilikuwa tap, halafu kwaruu. Tap, kwaruu. Mguu mmoja ulitua, wa pili uliburuzwa.

Alipunguza mwendo ampishe. Mwenzake naye akapunguza. Aliongeza, naye akaongeza, ule mkwaruzo ukazidi kuwa wa haraka, kama mtu anayeumia lakini hataki kuachwa. Pasi hakugeuka. Baadaye alijaribu kumweleza dada yake kwa nini hakugeuka, akashindwa. Alisema shingo ilikataa. Alitoka langoni akiwa amelowa jasho la baridi, na alipofika penye nyumba na taa, nyuma kulikuwa kimya.

Asubuhi iliyofuata alikwenda tena, kwa sababu ukaidi wake ulikuwa mrefu kuliko woga wake. Miguu ikaja. Siku ya tatu pia, na ya nne. Ilianza baada ya mzunguko wa kwanza na kila siku ilikaribia kidogo, hadi akawa anasikia pumzi pamoja na hatua. Siku ya nane mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri alipokuwa anavaa. Barabara ya bwawa ilikuwa laini kama unga uliokandwa, haina alama hata ya ndege. Alizunguka mara moja. Alipoanza mzunguko wa pili, akakanyaga palepale alipopita, aliziona nyayo zake mwenyewe kwenye tope. Pembeni mwa nyayo zake, upande wa kushoto, zilikuwepo nyingine. Mstari wa soli ulikuwa uleule. Pengo la pembe tatu lilikuwa palepale, karibu na kidole gumba. Tofauti ilikuwa moja, kwamba mguu wa kushoto wa nyayo zile haukunyanyuliwa. Ulichora mfereji mwembamba kutoka hatua hadi hatua, kama mtu aliyevuta fimbo.

Alirudi nyumbani kwa njia ya reli bila kukimbia. Siku nzima alinyoosha mashuka, na mara tatu jirani yake wa mezani alimwuliza, "Pasi, unasikiliza nini?"

Siku ya tisa, alipokuwa akitoka, mlinzi wa lango alimsimamisha. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye koti zito na chupa ya chai, ambaye kwa mwezi mzima hawakuwa wameambiana zaidi ya salamu. Kazi yake ilikuwa kuandika katika daftari kila aingiaye na kila atokaye, kwa kuwa bwawa lile ni maji ya kunywa ya watu, na tena lina kina.

"Samahani, dada. Nina shida, na sijui nimwambie nani," alisema. "Yule mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu nani?"

"Mnayekimbia naye. Anakuja nyuma yako kidogo, anachechemea. Fulana kama yako. Nikafikiri ni ndugu yako." Alifungua daftari chini ya taa. "Angalia. Jumatatu wameingia wawili, ametoka mmoja. Jumanne wawili, mmoja. Siku tisa sasa. Kila siku namwona anaingia, na sijamwona akitoka hata mara moja. Mkubwa wangu akilishika hili daftari ataniuliza nimewaacha wapi watu tisa, na nyuma yangu kuna maji. Nimezunguka bwawa lote na tochi. Hakuna mtu."

Pasi alisoma. Mwandiko wa mlinzi ulikuwa mzuri, wa mtu aliyependa shule. Mbili, moja. Mbili, moja. Mstari wa siku hiyo ulikuwa na mbili tu, upande wa pili ukingali mtupu.

"Andika moja," alisema kwa sauti ndogo. "Natoka mimi."

Jioni ile alikwenda uwanjani na kumwambia kocha kila kitu, kilomita za uongo, raba, bwawa, nyayo na daftari. Alitarajia kuchekwa au kufukuzwa. Kocha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia akae kwenye benchi na kuvua soksi ya kushoto. Akapitisha kidole gumba taratibu juu ya mfupa wa ugoko, kutoka gotini kushuka chini, kama anayetafuta mwanzo wa uzi. Robo tatu ya njia, Pasi alishtuka na kuvuta mguu.

"Hapo?"

"Hapo."

"Tangu lini?"

"Asubuhi tu. Nikishachangamka panaacha."

"Tangu lini, nimekuuliza."

"Wiki tatu."

Kocha aliirudisha soksi mwenyewe, polepole, kama anamvisha mtoto. "Kesho hukimbii hata kufuata choo. Kesho uko kliniki ya mifupa kabla hawajafungua."

"Na yule mtu, mwalimu?"

Kocha alitazama goti lake lisilokunjika. "Mimi sikuwahi kumwona mtu," alisema. "Lakini kuna msimu niliacha kukimbia na redio, ili nisikie vizuri. Nilichokisikia nikakidharau. Kapige picha."

Asubuhi iliyofuata Pasi alitembea hadi kliniki bila shida yoyote, mguu mwepesi, akihisi mjinga kidogo. Alikaa kwenye foleni ya viti vya plastiki, wa nne. Ilipofika saa moja na dakika kumi akaitwa. Aliinuka, akapiga hatua mbili katika ule ukumbi mrefu wenye vigae vyeupe, na mguu wa kushoto ukakataa. Haukuuma kwanza. Ulikataa tu, kama mlango uliovimba. Alipojaribu kuuvuta aliisikia sauti ya raba yake juu ya vigae. Kwaruu. Watu wote waliokuwa kwenye foleni walimtazama, naye alisimama amejishika ukutani, na kwa mara ya kwanza katika siku zote zile akalia.

Picha ilionyesha ufa mwembamba kama unywele katika mfupa wa ugoko. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Ungekimbia nao wiki moja zaidi, ungekatika. Nimewaona waliokatika. Hawarudi wakiwa walewale." Alimpa magongo na wiki kumi bila kukimbia.

Siku tatu baadaye kocha alimpakia kwenye gari la kukodi, wakaenda langoni kwa bwawa. Pasi alitaka mlinzi ajue kwamba hakuna aliyezama. Mlinzi aliyatazama magongo, akatazama mguu. Halafu akaleta daftari na kufungua siku ya kliniki.

"Siku ile hukuja," alisema. "Hakuna aliyeingia. Hapa nimeandika sifuri. Lakini saa kumi na mbili kasorobo alitoka mtu. Yeye. Alipita karibu yangu hivi. Nikamsalimia, hakuitikia. Alikuwa anaelekea mjini."

Kutoka langoni hadi kliniki ni kilomita saba. Kocha alianza kuhesabu kwa vidole, kisha akaviweka mfukoni. Mlinzi aliomba uhamisho mwezi huohuo, akapangiwa ghala la karatasi upande wa pili wa mji.

Wiki kumi ni nyingi kwa mtu aliyezoea kuruka. Za kwanza Pasi alikuwa mzigo kwa kila mtu. Dada yake alimchotea maji, akampikia, na kila jioni akamsema. "Nilikuuliza unafukuza au unafukuzwa. Ukaniletea habari za kuwahi kazi." Lakini usiku Pasi alipoamka na kukuta mguu umeinuliwa juu ya mto, alijua ni nani aliyeuinua.

Kazini walimpa kiti kirefu. Wiki ya tano aliruhusiwa kuendesha baiskeli isiyokwenda popote katika chumba cha mazoezi cha hospitali. Wiki ya saba, baada ya kuzima pasi, alisimama ameshika ukingo wa meza na kunyanyuka kwa vidole vya miguu, mara kumi na tano, akapumzika, mara kumi na tano tena, ili mashavu ya miguu yabebe kile ambacho mifupa ilikuwa imebebeshwa peke yake. Wenzake walianza kumwiga, ikawa kichekesho cha chumba kizima, wanawake sita wakipanda na kushuka katika mvuke.

Marathoni ilikimbiwa bila yeye. Alikaa kando ya barabara na kugawa maji, na mwanamke wa tano kuvuka mstari alikuwa mtu ambaye Pasi alimshinda mara mbili mwaka uliotangulia. Hilo lilimkaa kooni kwa miezi. Hakuwahi kusema kwamba limepita.

Aliporudi kukimbia, kocha alimpa dakika moja ya mbio kwa mbili za kutembea, na jozi mbili za raba za kubadilishana. Kilomita aliziandika kweli. Kila Jumapili alikaa kitandani na kupitisha kidole gumba juu ya ugoko, kutoka juu hadi chini, na hakuenda mbio kabla ya kufanya hivyo. Bwawani hakurudi mpaka mwezi wa sita tangu aumie. Alikwenda mchana, jua limewaka, dada yake akimsubiri langoni na mwavuli. Alizunguka mara moja. Misonobari ilisimama kimya, na barabarani hakusikia kitu isipokuwa yeye mwenyewe.

"Vipi?" aliuliza dada yake.

"Hakuna mtu."

"Sasa mbona uso umekuwa hivyo?"

Pasi alikaa kwenye jiwe, akafungua kamba za viatu. "Siku zote zile alikuwa anaumia, dada, na alikuwa ananifuata. Laiti ningegeuka hata mara moja."

Dada yake aliufunga mwavuli. Alimshika mkono kumwinua, wakarudi nyumbani kwa miguu.

Mwaka uliofuata Pasi alimaliza marathoni akiwa wa nane, mguu mzima. Nje ya nchi hakwenda. Bado ananyoosha mashuka, na Jumatano jioni anamsaidia kocha kuwaangalia wanawake wapya uwanjani. Wanasema ni mkali sana kuhusu siku za kupumzika.