Winifrida Alipoomba Pasiwe na Lori

Nakumbuka Jumamosi moja pale Lusahunga, mwanangu, nami naikumbuka kwa aibu.

Nasikia sasa wewe ndiye msimulizi wa mchezo wenu, ule wa kukaa mezani kila mmoja na mhusika wake, wewe ukisimulia yanayowakuta na dadu zikiamua. Nami niliuendesha ujanani, kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa wa Bi Zuhura, mama wa Kipwani aliyetuvumilia kelele zetu.

Siku hiyo, kabla hatujaanza, Winifrida wa Kaniha, mmoja wa wachezaji wangu, alinivuta pembeni.

"Kaka, naomba leo kwenye hadithi usitutie lori."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Nikashtuka. Mtego niliouandaa ulikuwa lori lililokatika breki! Amejuaje? Nikajiambia, huyu amechungulia daftari langu, anataka kumwokoa mhusika wake. Enzi hizo, bwana, nilishuku hata kivuli changu. Nikamjibu sawa, kisha lori nikalileta kusudi, macho usoni pake, nimkamate. Nikasimulia mteremko, breki, dereva akipiga honi. Winifrida aliweka dadu chini, akajifunga kanga, akatoka.

"Mmeona?" nikawaambia wenzangu. "Mwizi huyo."

Bi Zuhura alikuwa mlangoni na birika la chai. "Mwizi wa nini, wewe? Baba yake dereva wa lori. Kapita mpaka wa Rusumo, leo siku ya nne simu haipatikani. Mtoto kaja kwenu apumzishe roho."

Nilitamani ardhi inimeze. Daftari lenyewe nilikuwa nimelilalia usiku kucha, nani angelichungulia?

Baba yake alirudi baada ya siku mbili, mzima. Gari lilimharibikia porini ng'ambo ya mpaka. Nilimwomba Winifrida radhi, akanisamehe. Lakini mezani kwangu hakuketi tena.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Mchezaji akiomba ashinde, mwambie dadu zitaamua. Hapo shuku upendavyo, wajanja wapo. Akiomba jambo fulani lisiguswe hadithini, mkubalie, wala usimdai sababu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ukishakubali, timiza, maana mimi kosa langu kubwa lilikuwa lile "sawa" la uongo.

Mungu akuongoze, na kila atakayeinuka mezani pako ainuke akitamani kurudi.