Masaa Tisa

Fundi redio jirani yangu hapa Junda, wengi wamjua, ila mimi ndimi nimjuaye. Kwa darasa langu la sita niliielewa kazi yake kuliko wenye digrii. Kompyuta kuukuu aliifungua, akaipanga upya ndani ya kopo la biskuti, ikawa yala umeme kidogo kuliko taa ya baiskeli, tena wa betri ya gari. Humo alitunza majina ya wenye nyumba wote mtaani na mwaka waliojenga, maana daftari lililiwa na mchwa na kesi ya ardhi ilikuwa njiani. Diski ya kuhifadhia hakuwa nayo. Betri ikiisha, majina hufutika, naye huyaandika upya kwa kichwa, akiyanong'ona moja moja. Hulipapasa kopo kwa mgongo wa mkono, kama mtu apimaye homa ya mtoto, na kila jaribio huandika kwenye ukuta wa nyumba yake kwa mkaa: masaa matano, sita, saba na nusu. Alitaka tisa, yatoshe kutwa ya mahakamani.

"Kopo lako lachoka kuliko mimi," mimi humtania.

"Ngoja, Ami. Inshallah," hunijibu.

Tingatinga la kubomoa nyumba lilikuja kabla ya kesi. Alasiri nilimkuta barabarani amelikumbatia kopo, betri i miguuni pake, nyuma yake vumbi tupu.

"Ami, saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Nililiwasha saa kumi na mbili asubuhi. Masaa tisa, na halijazima. Niandikie."

Nikaokota mkaa, nikautafuta ukuta.