Dobi Aliyechagua Meza kwa Madoa

Jumatatu asubuhi, kabla hata chai haijashuka tumboni, magunia ya vitambaa vya meza huwa yameshajaa mlangoni kwa Mama Povu. Jina hilo alipewa na mtaa naye akalikubali. Mtu aliyefua miaka tisa ataitwa nini, Mama Vumbi? Chumba chake cha udobi kiko nyuma ya jengo la ghorofa tatu. Kuna mashine mbili kubwa, moja ikizunguka inatikisa mpaka kuta, karai la kulowekea, ndoo ya wanga, meza ndefu ya pasi, na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mbele ya jengo ndiko kwenye mtaa wenyewe, ule wa maua kwenye vyungu na migahawa iliyobanana, ambako Jumapili watu wanaamka saa nne, wanajipulizia manukato, kisha wanakwenda kula kitu ambacho si kifungua kinywa wala si chakula cha mchana. Wenyewe wanakiita branchi. Sisi wengine tunakiita kuchelewa kuamka.

Mama Povu alikuwa hajala hata kwenye mgahawa mmoja wa mtaa ule. Lakini ukitaka kujua pa kula, wa kumuuliza alikuwa yeye, na watu walimuuliza kweli: madereva, walinzi, hata mabibi wa ghorofani walioshuka na mapazia yao. "Sijala, lakini nimefua," alikuwa akijibu, huku amekunja kanga kiunoni kama hakimu anayejiandaa kutoa hukumu.

Na hukumu alikuwa nazo. Mgahawa wa kona, wenye viti vyeupe, vitambaa vyake hurudi karibu safi, rangi ya mdomo tu pembeni. "Hapo hawali. Wanakipiga picha chakula, kisha wanakiogopa." Ule wenye mwavuli mkubwa una doa la sosi, kila wiki rangi ile ile, ukaidi ule ule. "Sosi ya kopo hiyo. Na wapishi wanafutia masufuria vitambaa vya wageni, msinidanganye." Kipenzi chake kilikuwa mgahawa wa mlango wa buluu. Vitambaa vya pale hurudi na kiini cha yai cha manjano ya kweli, yai la kuku aliyetembea, na alama za duara za vikombe, mbili, tatu, hata nne mahali alipokaa mtu mmoja. Kwenye vitambaa vya kufutia mikono kulikuwa na wanja uliochuruzika. "Pale mtu anakunywa chai nne na hafukuzwi," alikuwa akisema. "Akilia, wanamwacha alie."

Basi mwaka huu swali la pa kula likamgeukia mwenyewe, na wiki nzima hakupata raha.

Lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo utamwona mama wa watu anahangaikia mayai tu. Alikuja mjini ana miaka ishirini, akafikia kwa kaka yake. Mwezi wa pili akaanza kukohoa, mwezi wa tatu akakohoa damu. Kifua kikuu. Kaka mtu, mwanamume wa miraba minne, aligeuka mwoga. Alikuwa akisimama mlangoni, anauliza hali, anaondoka na leso puani. Aliyeingia ndani alikuwa mkewe. Miezi saba yule wifi aliingia. Alimpa dawa kwa saa, alimnywesha uji kwa kijiko, alimwinua na kumgeuza, alifua mashuka yenye damu kwa mikono yake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mgonjwa alipopata nguvu ya kukaa, wifi akamwekea kiti karibu na karai ili apate jua na neno la kusikia. "Damu na yai, maji baridi," alimwambia. "Ukitia ya moto umelipika doa, utazikwa nalo." Ndio ufundi wote unaomlisha Mama Povu hadi leo.

Kisha kaka akapata mwingine. Hayo hutokea, dunia ina mambo. Lakini badala ya kusema ukweli akaitisha kikao cha familia, akadai mkewe ni mchoyo na hapendi ndugu wa mume. Hapendi ndugu wa mume! Jamani! Baba mdogo akauliza, "Kuna mwenye neno la kumtetea huyu mama?" Na ndugu wa mume, yule aliyetolewa kaburini na mikono ile ile, alikuwa amekaa pale pale kwenye kochi, mapafu mazima, mdomo mzima. Akatazama sakafu. Wifi akafungasha, akaondoka. Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke, lakini punda angalau hufanya kishindo ukajua umepigwa. Huyu hakusema hata neno.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Mama Povu akahama kwa kaka, akapanga chumba, akanunua mashine ya kwanza, kisha ya pili. Kila yai alilolitoa kwenye kitambaa kwa maji baridi alimkumbuka aliyemfundisha, na kila alipokumbuka kifua kilimbana, na si kwa ugonjwa.

Siku moja Fundi, fundi cherehani wa mlango wa pili anayempindia vitambaa, mtu wa maneno mengi kuliko uzi, akamwita. "Kuna matroni wa shule ya bweni ameniletea mashuka. Amekuona unapita na gunia lako, amekutazama mpaka umepotea kwenye kona, kisha ameondoka bila kuaga. Unadaiwa nini?"

Mama Povu aliposikia sura na mwendo wa mteja huyo, akaketi juu ya gunia. "Nadaiwa," akasema, "ila si pesa."

Namba ya simu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya oda. Siku tatu aliitazama tu. Siku ya nne Fundi akachoka. "Mama Povu, mbona unaweza kubishana na sosi ya kopo, mtu mmoja anakushinda?" Ndipo akapiga.

"Shikamoo, wifi. Ni mimi."

Kimya. Akajua amejulikana, kwa sababu mtu asiyekujua huuliza wewe nani.

"Nina neno nataka kukuambia. Si la kwenye simu. Naomba tukae tule, Jumapili."

"Saa ngapi?" wifi akauliza. Hakusema lingine.

Sasa umeelewa kwa nini pa kula palimnyima raha. Si mayai aliyokuwa anayatafuta. Alitaka meza ambayo mtu anaweza kukaa muda mrefu na mwenzake aliyemkosea, wala mhudumu asije kupangusa meza ili kuwafukuza. Kwa hesabu ya madoa, meza hiyo ilikuwa moja tu mtaani: mlango wa buluu.

Jumapili saa nne na nusu alikuwa amekaa, gauni limenyooshwa mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Wifi alifika saa tano kamili. Alikuwa amepungua, nywele zimeingia mvi mbele, lakini mwendo ulikuwa ule ule wa mtu mwenye kazi inayomsubiri. Aliitikia salamu, "Marahaba," akaketi, akaweka mkoba mapajani na kuushika kwa mikono miwili. Mama Povu akauona mkoba ule, roho ikamshuka. Anayeweka mkoba mapajani hajakaa, amepumzika tu.

Wakaagiza mayai, mkate wa kubanika, uyoga na chai. Mpango wa Mama Povu ulikuwa kungoja chakula kije, wale, tumbo la mwenzake lilainike, ndipo aseme. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Jumatano, na aliyasema mbele ya mashine mpaka akayaamini.

Chai ikaja. Chakula hakikuja. Wakanywa. Wakazungumza habari za jua. Robo saa, nusu saa. Chai ya pili ikaja, na mhudumu, kijana mpole mwenye macho ya kuomba radhi, akasema, "Chakula kiko njiani, mama zangu." Njia gani hiyo, Mungu ndiye anajua. Mama Povu akaanza kutazama huku na huku. Kila meza watu walikuwa wanakunywa chai. Walikunywa kama abiria waliokwama, shingo zimenyooka kuelekea jikoni. Bwana mmoja alikuwa kwenye kikombe cha nne na sahani hajaiona.

Ndipo akaelewa, akahisi uso unawaka moto. Zile duara nne! Miaka yote alizisoma kuwa ni utulivu wa wageni, kumbe ni njaa yao. Jikoni mle kulikuwa na mpishi mmoja mzuri sana na mzito sana. Na ule wanja? Pengine nao ni tumbo tupu.

"Ni wewe uliyepachagua hapa?" wifi akauliza.

"Ni mimi."

"Umepajuaje?"

Uongo haukumjia, akasema ukweli wote: magunia ya Jumatatu, kiini cha yai, duara za vikombe, jinsi alivyokuwa akitoa hukumu mtaa mzima. Wifi alisikiliza bila kupepesa. Mdomo ukamcheza upande mmoja. Kisha akacheka, kicheko cha ghafla, kikubwa, mpaka bwana wa kikombe cha nne akageuka. "Kwa hiyo tumefungiwa humu na madoa!" akasema, na Mama Povu naye akacheka mpaka akashika ubavu.

Lakini kicheko kikaisha. Wifi akatazama saa ya ukutani. "Naingia zamu saa saba," akasema. Vidole vikakaza kwenye mkoba.

Mama Povu akaona chakula hakitamwokoa. Maneno ya Jumatano yote yakamtoroka.

"Nilikuwa nalala kwake," akasema. "Siku ile ya kikao. Niliogopa atanifukuza. Hakuna sababu nyingine, na hiyo haitoshi. Ulinifulia damu yangu miezi saba, wakauliza nani ana neno, na mimi nikatazama sakafu. Nakula kwa ufundi ulionifundisha. Napumua kwa sababu yako. Sikuwahi kukuambia asante, wifi, hata siku moja. Nilidhani kuna muda. Asante. Na nisamehe."

Wifi alikizungusha kikombe juu ya kitambaa cha meza.

"Kaka yako nilishamsahau," akasema hatimaye. "Kweli kabisa. Akipita hapo naweza nisimjue. Siku ile wala sikumtazama yeye. Nilikutazama wewe. Nilisema moyoni, huyu mtoto atasema. Hata akisema 'alinipa uji' tu, inanitosha, nitaondoka kichwa juu." "Watu huniambia tenda wema nenda zako. Nilikwenda zangu. Lakini iliuma, mdogo wangu. Iliuma sana."

"Najua."

"Leo nilikuja ninywe chai moja, nikuambie hayo, niondoke. Ningeshakuwa nimeondoka, kama kungoja chakula kusingenishika hapa."

Hapo ndipo mhudumu alipotokea na sahani mbili zinazotoa mvuke, jasho linamtiririka. "Samahanini sana kwa kuwachelewesha, mama zangu. Kweli samahanini."

Wifi akamtazama kijana yule kwa muda, kisha akauchukua mkoba wake mapajani na kuutundika kwenye mgongo wa kiti.

"Ungewahi, mwanangu," akasema, "ningekula nikaondoka kabla sijaambiwa neno. Mungu akubariki kwa uzito wenu."

Kijana akaondoka hajui amebarikiwa au ametukanwa. Wifi akachukua kisu, akakata yai, akaonja, akatikisa kichwa kukubali kwamba mpishi anajua. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayepanga zamu:

"Jumamosi sina kazi. Nitakuja kwako nione unapoishi. Usinipikie, maana mapishi yako nayakumbuka. Nitapika mimi, wewe utaosha vyombo."

Mama Povu alitaka kujibu ndiyo, badala yake akalia kwa sauti, pale pale katikati ya mtaa wa wenye nafasi, akishukuru Mungu na wifi na yule mpishi mzito asiyemjua, wala hakuona haya.