Raba Zinazong'aa Mno

Siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ni ile niliyomsindikiza shangazi yangu hadi Mkuyuni kununua gari. Nakuita mwanangu kwa haki ya ubaba mdogo, si ya mvi. Sina hata moja.

Shangazi alikuwa ameuza ng'ombe wake wote apate gari la kupelekea vitenge mnadani Misungwi. Akidanganywa, hana zizi la kurudia. Ndiyo maana mimi, niliyekuwa bado chuoni, nilishuku kila kitu, hata tabasamu la muuzaji. Gari lilikuwa la zamani, lakini raba za milango, zile za kuzuia maji yasiingie, ziling'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikapitisha kidole. Kikatoka cheusi, kinanuka dizeli.

"Mwanachuo," akasema muuzaji, "unanunua gari au unanusa mboga iliyolala?"

Shangazi hakucheka. "Pua yako si shahidi, baba. Ukishuku, jaribu."

Akaweka upindo wa khanga yake mlangoni, akaufunga mlango, akaanza kuondoka taratibu. Khanga ikamfuata bila ubishi.

"Mlango umeshindwa kushika khanga," akamwambia muuzaji. "Mvua utaizuia?"

"Mama, hiyo ni raba tu."

"Na vitenge vyangu ni vitambaa tu. Sisi tunaaga."

Alipata gari lingine baadaye, la raba zilizofifia rangi lakini laini, zilizobana.

Sasa wewe nawe una gari, na wanaoosha magari kule ufukweni mwa ziwa watakupakia dizeli kwenye raba kama zawadi. Kataa kwa upole. Inazing'arisha leo, kesho zinavimba na kulegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga; kwenye gari utaanika viti. Osha raba kwa maji na sabuni isiyo kali, zikauke, kisha paka mafuta kidogo ya silikoni kwa kitambaa safi, ufute yaliyozidi. Fanya hivyo kabla ya masika, na tena jua likishakuwa kali. Mkebe wa mafuta unaojisifu kwamba unafaa kwa kila kitu, usome maandishi ya nyuma, kisha ujaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Na mimi usiniamini kwa kuwa ni baba mdogo, jaribu.

Mungu akupe subira ya kupima, na moyo usioona haya kuondoka sokoni mikono mitupu. Safari zako ziwe kavu hata siku mawingu ya ziwa yatakapokuangukia yote kwa pamoja.